Sahani ya Ngazi ya Nyuma

Tegan alishuka kwenye basi mchana wa joto kali. Barabara ilikuwa tupu, na miwa imesimama pande zote mbili, mirefu kuliko yeye na begi lake la mgongoni. Dereva, mzee mwenye kaptula na soksi ndefu, alimkimbilia na chupa ya maji aliyokuwa ameisahau kitini.

"Kunywa, binti. Jua la huku halina adabu."

Hivyo ndivyo Tegan alivyokuwa akiishi tangu aanze safari ya pwani ile ya kaskazini, kwa wema wa watu. Fedha zake hazikutosha hata kitanda cha ghorofa katika zile nyumba za wasafiri, kwa hiyo alilala kwa ndugu. Mama yake, Silvia, aliye mbali kusini huko Ballarat kwenye baridi, alikuwa akimtangulia kwa simu: "Binti yangu anapita kwenu. Ana begi tu, na hali chakula kingi." Huo ulikuwa uongo, maana Tegan alikula kama mkata miwa. Lakini alijua kuwa mgeni mwema. Alikula alichowekewa, akaosha sahani yake, akaifunika kifudifudi ikauke, na hakuuliza ya ndani ya nyumba za watu.

Kwa Bibi Ines alikuwa ameambiwa afike baadaye. "Aje tukimaliza kuchoma miwa," bibi alimwambia Silvia. "Wiki za kuchoma, nyumba yangu si nzuri kwa mgeni." Lakini ndugu wa mji wa Cairns, alikokuwa akilala, alikuwa anapokea wakwe, tikiti ya basi siku hiyo ilikuwa rahisi, na salio la simu lilikuwa limekwisha. Tegan akaona atafika tu, atajieleza hapo hapo.

Nyumba ilikuwa ya mbao, imeinuliwa juu ya nguzo ndefu kama nyumba zote za huko, na kamba za nguo zimepita chini yake. Alibisha, akaita, hapakuwa na mtu. Akazunguka nyuma.

Kwenye ngazi ya nyuma, kipandio cha juu kabisa, palikuwa na sahani iliyofunikwa kwa sahani nyingine. Kando yake uma, kipande cha mkate, na glasi ya divai yenye kitambaa juu isiingie nzi. Alipofunua, mvuke ukampanda usoni. Tambi, mchuzi wa nyanya, soseji zilizokatwa vipande.

Wamejuaje kwamba nakuja, aliwaza, na machozi yakamlengalenga. Tangu jana alikuwa amekula mkate mkavu tu. Akakaa kwenye ngazi, akala chote.

Mbwa mweusi, mzee, alitokea chini ya nyumba akamtazama. Tegan alimnyooshea kipande cha soseji. Mbwa hakusogea. Alirudi kinyumenyume, tumbo likiburuza chini, mpaka akafichwa na kivuli.

Tegan akaosha sahani kwenye bomba, akairudisha pale pale, kifudifudi.

Wenyewe walirudi na gari la shamba lililojaa vitu vya dukani. Bibi Ines alishuka wa kwanza, mwembamba, mwenye aproni mpaka safarini. Nyuma yake alikuwa mwanawe Dario, mkewe Joelle, na mtoto wao Teo wa miaka minne, akipunga trekta yake ya plastiki.

"We ndiye mtoto wa Silvia?" Dario alicheka. "Mbona begi ni kubwa kuliko wewe? Umebeba friji?"

"Nimebeba nguo chafu, mjomba."

"Basi umefika kwenye mashine ya kufulia," alisema Joelle, akampokea mzigo bila kuombwa.

Bibi Ines alimshika uso kwa mikono miwili na kumtazama kwa muda mrefu. "Macho ya Alda haya," alisema. Alda alikuwa bibi yake Tegan, dada wa Renzo, marehemu mumewe Ines. Kisha akachukua mifuko yake akapanda ngazi ya nyuma.

Akasimama.

"Nani ameosha hii sahani?"

"Mimi, bibi. Chakula kilikuwa kitamu kweli. Asante kwa kunifikiria."

Mfuko ukamponyoka bibi. Machungwa yakateremka ngazi moja moja mpaka kwenye vumbi.

"Umekula chote?"

"Mpaka mchuzi."

Bibi Ines hakumgombeza. Alishuka, akampapasa nywele. "Si kosa lako, mwanangu. Ulikuwa na njaa." Kisha akakimbilia jikoni, na aproni yake ikanasa mlangoni ikachanika. Hakugeuka kuitazama.

"Usijali," Joelle alimnong'oneza. "Mama mkwe ana mambo yake. Kila msimu wa kuchoma anaweka sahani pale. Ikifika asubuhi, nyeupe. Mimi nasema ni mbwa."

"Mbwa haachi uma umelazwa juu ya sahani," alisema Dario. Na safari hii hakucheka.

Maji ya tambi yalikuwa bado hayajachemka pale sakafu ilipogongwa.

Iligongwa kutoka chini, katikati ya meza na jiko. Pigo moja. Kisha la pili, mpaka vijiko vikaruka. Mbao zilikuwa zinapanda na kushuka chini ya miguu yao. Teo alianza kulia. Chini ya nyumba mbwa alibweka mara moja, na sauti ikakatwa kama kamba.

Dario alichukua bunduki ya kuulia nguruwe, akashuka. Jua lilikuwa halijazama, na Tegan, aliyemfuata, aliona kila kitu vizuri kuliko alivyotaka. Mbwa alikuwa chini ya kamba za nguo. Shingo ilikuwa imezungushwa mpaka uso ukatazama mgongo. Kinywa kilikuwa wazi, kimeshindiliwa majivu mpaka kooni.

Hapakuwa na shamba lolote lililochomwa siku hiyo. Lakini hewa yote ilinuka sukari iliyoungua.

Bibi Ines aliweka sahani mpya kwenye ngazi, akafunga mlango, akasimama akiwa ameuegemea kwa mgongo. Walingoja. Walisikia ikiinuliwa. Kisha ikapigwa ukutani kwa nguvu iliyovunja dirisha la jikoni, na kigae kikaruka kikamchana Joelle shavu mpaka mfupa ukaonekana.

"Ametaka ile ile," alinong'ona bibi, akimbana mkwewe kidonda kwa aproni. "Amechelewa kula. Ana hasira."

"Nani, mama?" Dario alifoka. "Nani?"

Bibi alizidi kukandamiza kidonda.

Kulipokucha Dario alimzika mbwa, akasema ni vijana wa mjini, wavuta bangi, atawaonyesha. Alisema hivyo bila kumtazama mtu. Joelle alirudi kutoka zahanati na uzi shavuni, akakuta mama na mwana wakibishana.

"Usichome leo, Dario. Nakuomba."

"Mashine ya kuvunia inakuja kesho, mama. Zamu ikinipita, miwa inaozea shambani. Unataka tule nini?"

"Choma kesho kutwa."

"Mama! Nitazunguka na honi kama ulivyonifundisha. Mara mbili, pande zote. Hata chura atasikia."

Huo ulikuwa utaratibu wa bibi. Mashamba mengi ya huko siku hizi hayachomwi kabisa, na wanaochoma wana haraka. Lakini kwa Ines hakuna aliyewasha kiberiti kabla gari halijazunguka shamba likipiga honi na mtu akiita kwa sauti, "Toka! Toka! Tunachoma!"

Jua lilipoanza kushuka na upepo kutulia, majirani walikuja kusaidia. Joelle aliendesha gari la maji, maana watu hawakutosha. Kabla ya kuondoka alikuwa ameanua nguo zote kambani ili zisiingie majivu, na za Tegan akazikunja, akamwekea juu ya begi. Tegan alibaki kwenye veranda ya nyuma na bibi na Teo. Mtoto alikuwa akiendesha trekta yake kwenye kipandio cha juu cha ngazi.

Honi ilisikika mbali. "Toka! Toka!"

"Mama yako aliwahi kukuambia habari za kaka yake?" Bibi Ines aliuliza.

"Mjomba Fausto? Alipotea safarini kabla sijazaliwa. Wanasema alioga mtoni, mamba akamchukua."

"Hakuchukuliwa na mamba."

Tegan akamgeukia.

"Alifika hapa," alisema bibi. "Na begi kama lako. Kijana anacheka tu. Renzo wangu na bibi yako Alda walikuwa hawasemeshani kwa ajili ya shamba la baba yao. Fausto alisimama ngazi hii, akasema, 'Mjomba, shikamoo, naomba kulala.' Renzo akamuuliza, 'Utakaa mpaka lini?' Fausto akasema, 'Mpaka mnichoke.' Renzo akasema, 'Tumeshakuchoka.' Kijana akadhani ni utani. Akacheka. Renzo akampiga teke la kifua, akaviringika mpaka chini."

Honi ilikuwa inakaribia.

"Mimi nilimwonyesha kwa mkono dirishani. Ajifiche kwenye miwa, nitamwekea chakula hapa Renzo akitoka. Nikaweka. Tambi na soseji. Lakini Renzo alikuwa na hasira, na alikuwa na shamba la kuchoma. Akaenda akawasha. Hakuzunguka, hakupiga honi. Nilikimbia nikimwita. Moto wa miwa haungoji mtu, mwanangu. Nikasikia."

"Ulisikia nini, bibi?"

"Kwanza alimwita mama yake. Mwishoni aliniita mimi."

Kule Ballarat, picha ya Fausto ilikuwa kwenye kabati la jikoni, begi mgongoni, na kwenye begi kiraka cha manjano chenye malimau. Bibi Alda alikuwa amekikata kwenye pazia lake la jikoni akakishona kwa mkono usiku wa kuamkia safari. Miaka yote mpaka anakufa, Alda hakuwahi kulibadilisha pazia lile lenye tundu.

"Mlimzika wapi?"

"Renzo alilima juu yake. Begi hatukulipata kamwe." Bibi alifuta macho. "Siku niliyoacha kuweka sahani, Renzo nilimkuta kitandani, kinywa kimejaa majivu. Tangu hapo sijaacha tena."

Honi ikanyamaza. Zamu ya kiberiti.

Na ndipo Tegan alipoona kwamba trekta ya plastiki ilikuwa imelala ubavu kwenye kipandio, na viatu vya Teo vimepangwa kando yake. Teo hakuwepo.

Kwenye ngazi, kushuka, palikuwa na nyayo. Ndogo, za vumbi. Na kando yake kubwa, nyeusi, za masizi. Zilielekea kwenye miwa.

Bibi Ines alipiga yowe. Tegan alikuwa ameshafika chini.

"Zimeni! Mtoto yumo! Mjomba Dario, zima!"

Lakini upande wa mbali ulikuwa umeshawaka. Moto wa miwa hauanzi polepole. Unasimama wima kama ukuta, unanguruma kama treni. Tegan alipunga mikono, akaona Dario akielewa, akikitupa kiberiti chini. Akamwona akiingia mwenyewe upande wa pili.

Naye Tegan akaingia.

Majani yalimkata usoni. Nyoka walimpita miguuni, wakikimbia. Panya. Vyura. Kila chenye uhai kilikuwa kinatoka, yeye anaingia. "Teo! Teo!" Moshi ukamziba. Masikio yakajaa mlio wa miwa inayopasuka.

Kisha akawaona.

Mtu alikuwa amesimama kati ya mistari ya miwa, amempa mgongo. Mikanda ya begi ilikuwa imeyeyuka ikashikana na mabega, haijulikani wapi nguo, wapi nyama. Katikati ya weusi wote ule kilibaki kiraka kimoja safi. Manjano. Malimau.

Chini ya kwapa lake alikuwa amembana Teo, na kiganja kimefunika kinywa cha mtoto.

Dario alimfikia kwanza. Aliruka na panga. Yule hakugeuka hata kidogo. Alitupa mkono tu nyuma, na taya la Dario likalia kama muwa unaovunjwa. Alianguka, akabaki akitapatapa, damu ikimtoka puani na mdomoni.

Tegan aliushika ule mkono uliombana mtoto, akauvuta. Ngozi ilimbakia viganjani, ya moto, kama ganda la kiazi kilichochomwa. Yule akamshika kiwiko. Akakikunja upande usiokunjika. Tegan aliusikia mfupa kabla ya kusikia maumivu.

Moto ulikuwa umewazunguka. Macho ya Teo yalikuwa yanageuka meupe.

Tegan akapiga magoti. Alifikiri atakufa, na alipofikiri hivyo akaiona ile sahani. Mikate yote ile, divai ile, miaka yote ile. Kwenye ngazi. Siku zote kwenye ngazi, mlango umefungwa. Hakuna hata mmoja aliyewahi kumwambia neno ambalo Tegan aliambiwa katika kila nyumba ya pwani hii.

"Mjomba Fausto," alisema.

Kichwa kile kikageuka.

"Mimi ni mtoto wa Silvia. Dada yako. Nilikula chakula chako, sikujua, nisamehe. Muache mtoto. Njoo ndani, mjomba. Tukae mezani." Moshi ulimkaba. "Utakaa mpaka mwenyewe uchoke."

Hakukuwa na macho ya kumtazama. Lakini alitazamwa.

Mkono ukafunguka. Teo akaanguka, akakohoa majivu, akalia. Ilikuwa sauti nzuri kuliko zote.

Na yule akaanza kutembea kuelekea nyumbani, ndani ya moto, bila haraka, kama mtu aliyeshuka kwenye basi. Kila alipopita, ndimi za moto zilijitenga kushoto na kulia. Nyuma yake ilibaki njia ya miwa mibichi, upana wa mtu mmoja. Tegan alijitupia mtoto begani kwa mkono uliobaki, akampiga Dario teke mpaka akainuka, wakatambaa kwenye njia ile. Joelle aliwapokea nje, akamnyakua mwanawe, akawamwagia wote maji huku akilia na kutukana.

Kutoka pale walimwona yule akipanda ngazi ya nyuma.

Mlango ulikuwa wazi. Bibi Ines alisimama ndani, aproni iliyochanika, taa ya jikoni nyuma yake. Hakukimbia.

"Ingia, Fausto," walimsikia akisema. "Chakula tayari."

Mlango ukafungwa.

Walisikia kiti kikivutwa. Kisha uma kwenye sahani, muda mrefu. Kisha yowe moja la bibi, likakatika. Dario alijaribu kupanda, taya likining'inia, majirani wakamzuia. Mwisho kabisa, walisikia bomba la jikoni likifunguliwa. Maji. Bomba likafungwa.

Walipoingia, bibi alikuwa peke yake mezani, hai. Viganja vyake vyote viwili vilikuwa vimeungua mpaka mishipa ikaonekana, na mgongoni mwa kila mkono zimechoreka alama za vidole, kama mtu aliyeshikwa mikono juu ya meza na mgeni mwenye mengi ya kusema. Kwenye kichanja cha vyombo palikuwa na sahani moja, imeoshwa, kifudifudi, inadondosha maji meusi.

"Amesema nini, bibi?" Tegan alinong'ona.

"Ameniuliza kama mama yake bado anamsubiri."

"Ukamjibu nini?"

"Nikamwambia Alda amekufa." Bibi alimwinulia uso. "Lakini Silvia yupo."

Tegan alikuwa hospitalini, mkono umefungwa plasta, Teo amelala kitanda cha jirani akikumbatia trekta yake, pale muuguzi alipomletea simu. Alikuwa amepiga nyumbani tangu asubuhi bila kupokelewa. Sasa mama yake ndiye aliyepiga.

"Tegan, umenitumia begi?"

"Hapana, mama."

"Basi nani kaniletea? Liko ngazi ya nyuma. Limeungua vibaya, linanuka..." Silvia akanyamaza. Aliporudi, sauti ilikuwa ndogo kama ya mtoto. "Tegan. Lina kiraka. Ni pazia la mama."

"Mama, uko wapi?"

"Jikoni. Na sijui jirani gani kaosha sahani ya paka, kaifunika..."

"Mama, nisikilize. Andaa meza, watu wawili. Fungua mlango, mwambie aingie. Usimwache nje, mama. Usimwache nje hata kidogo."

Tegan alisikia saa ya ukutani ya kwao. Akasikia kitasa kikizungushwa. Hatua. Pumzi ya mama yake ikipanda na kugoma.

"Jamani," Silvia alinong'ona, "mbona umekonda hivi?"

Simu ikakatika.

Tegan alisafiri kusini kwa mabasi, mkono umening'inizwa kwa kitambaa begani, bila kulala. Mama yake alimfungulia mlango mwenyewe. Alikuwa mzima. Alitabasamu. Viganja vyake vilikuwa vimefungwa bendeji, na kuhusu hilo hakusema neno, wala Tegan, mgeni mwema siku zote, hakuuliza. Begi halikuonekana popote. Pazia la malimau lilikuwa dirishani, na tundu lake limezibwa kwa kile kiraka kilichokatwa humo zamani, kwa mishono mikubwa isiyo sawa, kama ya mwanamume.

Alikwenda bafuni kunawa vumbi la safari. Kwenye bilauri, kando ya mswaki wa mama yake, palikuwa na mswaki mwingine, mpini umeyeyuka ukapinda.

Tegan aliugusa kwa kidole.

Ulikuwa umelowa.